Mabawa ya fedha ya Sweetwater

Barabara kuu namba 20 hutoka Dallas kwenda magharibi, na kwa zaidi ya saa tatu mgeni haoni cha kumshangaza. Ni mashamba, ng'ombe, kituo cha mafuta, halafu mashamba tena. Ukishapita mji wa Abilene upepo huanza kusukuma gari ubavuni, na huko mbele mitambo ya kufua umeme wa upepo inaonekana imesimama kwenye vilima kwa mamia. Hapo ndipo Sweetwater, mji wa watu wapatao elfu kumi katika jimbo la Texas. Jina lake maana yake ni maji matamu.

Wengi nchini Marekani wanaufahamu kwa nyoka. Kila mwezi Machi hufanyika maonyesho makubwa ya nyoka wenye sumu, wale wanaotikisa mkia ukalia kama kayamba, na kwa siku hizo chache nyumba za wageni hujaa. Wapo lakini wageni wengine, wachache na wakimya, wanaokuja miezi yote. Hawa huupita mji na kwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa ndege ulio upande wa magharibi, unaoitwa Avenger Field. Wanafuata kitu chenye upana wa inchi tatu tu: beji ya mabawa ya rubani.

Kukusanya beji za marubani wa kijeshi ni mapenzi ya watu wengi Ulaya na Marekani, kama wengine wanavyokusanya stempu au sarafu za zamani. Beji hizi zilianza pamoja na ndege zenyewe. Mwezi Februari 1913 Mfalme George V wa Uingereza aliidhinisha beji ya marubani wa jeshi lake: mabawa mawili ya ndege mdogo wa jamii ya mbayuwayu, katikati shada la majani, juu yake taji. Mwaka huohuo jeshi la Marekani lilitoa beji yake ya kwanza, tai wa dhahabu, na waliopewa hawakufika hata thelathini. Tangu hapo karibu kila jeshi lenye ndege limejitengenezea mabawa yake, ya nyuzi au ya chuma, na rubani huyavaa kifuani.

Mkusanyaji mzuri husoma beji kama daktari anavyosoma picha ya eksirei. Chukua beji ya Uingereza. Taji lenye mabega ya mviringo lilitumika wakati wa wafalme, na Malkia Elizabeth II alipoingia mwaka 1952 likaja taji jingine lenye umbo tofauti. Kwa kuangalia taji peke yake mtu aliweza kujua beji ni ya kabla au baada ya miaka hiyo. Sasa Mfalme Charles III amelirudisha lile la zamani, na mwenye haraka anaweza kununua beji ya juzi akidhani ni ya vita.

Avenger Field haina uhusiano na mataji. Ndani ya banda la ndege lililojengwa mwaka 1929 kuna makumbusho ya kitaifa ya WASP, yaliyofunguliwa mwaka 2005. WASP ni kifupi cha jina la kikosi cha marubani wanawake waliorusha ndege za jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Zaidi ya wanawake 25,000 waliomba nafasi. Waliokubaliwa ni 1,830, na waliohitimu ni 1,074. Idadi hiyo ndiyo inayowatoa jasho wakusanyaji. Marubani wanaume wa Marekani waliopewa mabawa katika vita hivyo walikuwa maelfu kwa maelfu na beji zao hazijawa adimu, lakini beji za wanawake hata zikihesabiwa zote zingeenea kwenye sanduku moja dogo.

Tena si za aina moja. Madarasa ya kwanza yalipomaliza mafunzo mwaka 1943, jeshi halikuwa na beji ya kuwapa, kwa sababu kwenye makaratasi hawakuwa wanajeshi. Walikuwa raia walioajiriwa. Jacqueline Cochran, rubani maarufu aliyeongoza mafunzo hayo, aliona haiwezekani wasichana wake wamalize miezi ya kuruka na kuondoka kifua kitupu. Akatoa fedha zake mwenyewe. Zilichukuliwa beji za kawaida za marubani wa jeshi, na kwenye ngao ya katikati ikawekwa namba ya kikosi cha mafunzo, 319 kwa waliosomea Houston na 318 kwa waliosomea Sweetwater, na chini yake utepe mdogo wenye namba ya darasa. Ni kazi ya sonara zaidi kuliko ya kiwanda. Ukiigeuza beji ya namna hiyo na kuishika dhidi ya mwanga, unaona mkono wa mtu.

Baadaye, kuanzia darasa la nane la mwaka huo, ndipo ilipokuja beji rasmi. Badala ya ngao katikati pana umbo la almasi, lisilo na maandishi wala picha, limesuguliwa likabaki na mng'ao hafifu. Inaelezwa kuwa umbo hilo ni ngao ya Athena, mungu wa kike wa vita wa Wagiriki wa kale. Kwa utamaduni wa nembo za koo za Ulaya, umbo la almasi pia ndilo lililokuwa la wanawake, ngao ikiwa ya wanaume. Vyovyote iwavyo, ndiyo beji inayotafutwa zaidi, na ndiyo inayoghushiwa zaidi.

Bei yake huzidi mara nyingi ya beji ya rubani wa kiume wa vita vilevile, na penye bei wajanja hawakosi. Beji halisi iligongwa kwa muhuri wa chuma chini ya uzito mkubwa, hivyo kila unyoya umekatika vizuri na kingo ni kali. Ya kughushi mara nyingi imemiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka beji halisi, nayo ina dalili zake: vitundu vidogo kama vya chapati, manyoya yaliyolegea, na upana uliopungua kidogo, maana madini ya moto yakipoa husinyaa. Nyuma ya halisi huwa pameandikwa kuwa ni fedha ya kiwango cha asilimia 92.5. Hilo nalo halitoshi, kwa kuwa anayeweza kughushi bawa anaweza kughushi maandishi. Wapo pia wanaochukua beji halali ya rubani wa kiume, wakaondoa ngao na kuchomelea almasi.

Kosa la kwanza la mgeni katika mchezo huu ni kuing'arisha. Mama yeyote mwenye vijiko vya fedha kabatini anajua jinsi vinavyoingia weusi, na mkono unawasha kutafuta kitambaa. Mkusanyaji hathubutu. Weusi ulioingia katikati ya manyoya kwa miaka themanini hauigiki kirahisi, na ukiusugua umefuta ushahidi. Kinachoipa beji thamani zaidi ya weusi ni karatasi zake: kitabu cha rubani cha kuandikia saa za kuruka, picha ya msichana mwenye beji hiyo kifuani, barua kwa mama yake. Beji yenye jina la mwenyewe na beji isiyo na jina ni vitu viwili tofauti kabisa. Ndiyo maana watu hawa, ambao wangeweza kununua na kuuziana kwa posta bila kutoka nyumbani, hufunga safari mpaka Sweetwater.

Wakifika wanakuta mahali pa tambarare, penye joto kali na vumbi. Ndivyo palivyokuwa mwaka 1943. Wasichana walilala sita chumba kimoja, na vyumba viwili viligawana bafu moja. Walipewa ovaroli za wanaume, nyingine saizi 44, wakakunja mikono na miguu na kufunga mkanda kiunoni ili wasijikwae wakipanda ndege. Usiku wa kiangazi walitoa vitanda nje wapate hewa, wakiangalia wasije wakalala na nyoka. Mishahara ilikuwa dola 150 kwa mwezi wakiwa mafunzoni, na chakula na malazi walijilipia humo humo.

Kulikuwa na kisima cha mviringo ambacho kipo hadi leo, sasa kikiwa na sanamu ya msichana mwanafunzi. Kabla ya mtihani wa kuruka walitupia sarafu humo wakiomba bahati. Aliyerusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza aliinuliwa na wenzake akatupwa majini na nguo zake. Kwenye lango la uwanja kulikuwa na mchoro wa kidude chenye sura ya msichana na mabawa, kilichoitwa Fifinella, ambacho kampuni ya Walt Disney iliwaruhusu wakitumie kama alama yao.

Jambo moja la hapo lingepaswa kujulikana zaidi kuliko beji. Wakati ule kitabu cha mwongozo kwa madaktari waliopima marubani wa kiraia kilitaka kila mwanamke aonywe kwamba ni hatari kuruka kuanzia siku tatu kabla ya hedhi mpaka siku tatu baada yake. Piga hesabu. Mwenye hedhi ya siku tano angekaa chini siku kumi na moja kila mwezi, na hakuna jeshi linaloweza kumtegemea rubani wa namna hiyo. Daktari wa Avenger Field aliamua kufuatilia jambo lenyewe badala ya kuamini kitabu. Wasichana hawakumpenda sana kwa maswali yake, maana walijua kila jibu linaweza kuwa sababu ya kuwatoa kwenye ndege, lakini kumbukumbu za mafunzo na za safari zilikuwepo. Jibu lilikuwa wazi: hedhi haikuwa kikwazo cha kurusha ndege. Ripoti ya mwisho ya Cochran nayo ilisema wanawake walivumilia kazi sawa na wanaume, hawakuchoka zaidi, na waliruka saa nyingi sawasawa na wanaume waliofanya kazi ya aina hiyo.

Hiyo ilikuwa miaka ya arobaini. Binti anayeambiwa leo asicheze mpira au asipande baiskeli kwa sababu yuko kwenye siku zake angefaidika kusikia habari hii.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuonekana. Walitoa ndege mpya viwandani na kuzipeleka kambini na bandarini. Walijaribu ndege zilizotoka kutengenezwa. Walivuta angani shabaha za kitambaa huku askari wa chini wakijifunza kulenga kwa risasi za kweli. Kwa pamoja waliruka takribani maili milioni 60.

Thelathini na wanane walikufa. Mmoja wao alifia karibu na barabara ileile inayokuja Sweetwater. Kabla ya kufika, upande wa kushoto kuna mji mdogo wa Merkel. Kusini mwake, tarehe 21 Machi 1943, ndege ya Cornelia Fort iligongwa na ndege nyingine ya msafara wake ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Huyu ndiye aliyekuwa angani Hawaii akimfundisha mwanafunzi asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani walipoishambulia Pearl Harbor, akaponea chupuchupu. Alikuwa rubani mwanamke wa kwanza wa Marekani kufa akiwa kazini kwa ajili ya jeshi.

Mwanajeshi akifa, serikali humrudisha kwao, jeneza hufunikwa bendera, na mama huweka nyota ya dhahabu dirishani ili mtaa mzima ujue. Hawa hawakupata hata kimoja. Walikuwa raia. Gharama ya kusafirisha mwili na ya mazishi iliachiwa familia, na mara nyingine wasichana wenzake marehemu walichangishana ili jeneza lifike nyumbani. Sasa beji inaeleweka vizuri zaidi. Kwa familia iliyofiwa, kipande kile cha fedha ndicho kitu pekee chenye sura ya kijeshi kilichorudi na binti yao, na kwa madarasa ya mwanzo hata hicho hakikutolewa na serikali.

Mwaka 1944 bunge lilikataa kuwafanya wanajeshi. Marubani wanaume walikuwa wameanza kurudi na walitaka kazi. Darasa la mwisho lilihitimu Sweetwater tarehe 7 Desemba 1944, mkuu wa jeshi la anga Jenerali Henry Arnold akiwepo, akakiri mbele yao kwamba mwanzoni alikuwa na mashaka kama msichana mwembamba angeweza kuimudu ndege nzito ya vita. Siku kumi na tatu baadaye kikosi kilivunjwa. Walijilipia nauli kurudi makwao, na kumbukumbu zao zikafungiwa. Wakaolewa, wakafundisha shule, wakalea. Wajukuu wengi walikua bila kujua kuwa bibi aliwahi kurusha ndege ya vita. Beji ilikaa kwenye droo, pamoja na vifungo na sindano.

Katikati ya miaka ya sabini jeshi la anga lilitangaza kuwa litaanza kufundisha marubani wanawake, na likasema hao ndio watakuwa wa kwanza kurusha ndege zake. Bibi hao walikasirika. Walikuwa wamefika umri wa miaka hamsini na zaidi, na walikuwa wamenyamaza vya kutosha. Walitoa vitabu vyao vya saa, barua, picha na beji, wakapeleka Washington. Seneta Barry Goldwater, ambaye mwenyewe alikuwa rubani wakati wa vita na aliwaona kazini, aliwasimamia. Tarehe 23 Novemba 1977 Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya kuwatambua kama askari wastaafu, miaka 33 baada ya kuvunjwa. Mwaka 2010 walipewa Nishani ya Dhahabu ya Congress. Wakati huo waliobaki hai walikuwa chini ya 300.

Hata hapo mambo hayakuisha. Elaine Harmon, aliyesomea Avenger Field, alifariki mwezi Aprili 2015 akiwa na miaka 95, akiacha maandishi kwa mkono wake kwamba majivu yake yawekwe makaburi ya kitaifa ya Arlington. Jeshi lilikuwa limeamua mapema mwaka uleule kuwa WASP hawaruhusiwi tena kuwekwa pale, kwa hoja ya uhaba wa nafasi na tafsiri ya sheria. Familia haikutaka kumweka pengine. Ikahifadhi majivu kabatini, kwenye kabati la nguo nyumbani, na wajukuu wakaanza kampeni. Mwaka mmoja baadaye sheria mpya ilipita na Rais Barack Obama akaisaini. Tarehe 7 Septemba 2016 Harmon alizikwa Arlington kwa heshima za kijeshi.

Hapa ndipo mkusanyaji anapojikuta mahali pagumu, na wale waungwana hawakwepi. Mtoto aliyerithi beji anaweza kuwa na karo ya kulipa. Akiiuza haibi kitu cha mtu. Lakini beji ikishaingia sokoni bila jina, ikapita mikono mitatu minne, huwa haijulikani tena ilikaa kifua cha nani, na hadithi inabaki mahali pengine. Wengine wanaonunua huandika kila wanachoambiwa na familia kabla ya kutoa fedha, wakapiga picha, wakaomba nakala ya kitabu cha saa. Wengine huishia kuzipeleka makumbusho. Wengine, ni lazima isemwe, hufungia sandukuni na kusubiri bei ipande.

Nje, si mbali na kisima, kuna ukumbusho wenye majina ya wahitimu, yamepangwa kwa madarasa. Upepo wa pale haupungui, na anayesoma karatasi lazima aishike kwa mikono miwili. Mwenye beji iliyochorwa herufi za jina nyuma huja nayo mfukoni, akaivua kwenye kitambaa, akaanza kutafuta kuanzia darasa la kwanza.